Siti binti Saad: Sauti Iliyotangulia Kitabu

Wengi wetu tunaosoma Kiswahili vyuoni tulikutana na Siti binti Saad kwenye karatasi. Tulisoma Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, tukafundishwa kutofautisha wasifu na tawasifu, tukajibu swali la mtihani, yakaisha. Ni nadra kusikia mhadhara ambamo sauti yake yenyewe ilichezwa. Mwandishi wa makala haya, mzaliwa wa mtaa wa Muyeye, Malindi, alikuwa amekwisha kuandika insha mbili juu ya mwimbaji huyu kabla hajawahi kumsikia akiimba. Aibu hiyo ndiyo iliyozaa makala haya.

Siti alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, Unguja, kwa wazazi wenye asili ya bara: baba Mnyamwezi, mama Mzigua. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa, na halikuwa la utani. Familia yake ilikuwa na nasaba ya utumwa, na utumwa wenyewe ulikuwa bado halali visiwani hadi 1897. Skuli hakuiona. Alifinyanga vyungu, akavibeba kuvichuuza mjini, na husimuliwa kwamba wanunuzi walianza kuijua sauti yake ikinadi bidhaa kabla hawajamjua mwenyewe. Mwaka 1911 alihamia mjini moja kwa moja.

Huko alikutana na Muhsin Ali, mwanamuziki aliyemfunza kuimba kwa Kiarabu na kumnoa katika usomaji wa Kurani. Jambo hili aghalabu hupitiwa juu juu, ilhali ndilo ufunguo. Anayeisikiliza santuri yake kwa makini atatambua jinsi silabi moja inavyovutwa, ikapandishwa na kuteremshwa, na pumzi ikatunzwa mpaka mwisho wa mshororo. Huo ni ufundi wa msomaji wa Kurani na kasida kabla ya kuwa ufundi wa mwimba mapenzi. Waimbaji weusi wa Marekani waliotoka kanisani na kuingia katika muziki wa kidunia walibeba hazina ya namna hiyo hiyo. Siti aliibeba yake kutoka chuoni, kwa maana ya zamani ya neno hilo.

Taarabu aliyoikuta ilikuwa ya kasri. Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, ndiye aliyempeleka Mohammed Ibrahim Misri kujifunza muziki huo, na kwa miaka mingi uliimbwa kwa Kiarabu na wanaume. Siti aliutoa huko akaupeleka Ng'ambo, walikokaa wachukuzi, wavuvi na wajukuu wa watumwa, akauimba kwa Kiswahili. Pamoja naye walikuwa Subeit bin Ambar, Buda bin Swedi, Mwalimu Shaaban na Mbaruk Talsam, huyu wa mwisho akiwa mtu wa Mombasa. Wapinzani walimsimanga kwa nasaba yake, sura yake na kaniki alizowasili nazo mjini. Jina Siti, lenye maana ya bibi mwenye hadhi, lilikuwa jibu tosha, ingawa alijibu kwa nyimbo pia.

Machi 1928 kampuni ya Gramophone, yenye nembo ya HMV, ilimsafirisha pamoja na wenzake hadi Bombay kurekodi. Santuri za wakati ule zilichukua takriban dakika tatu kila upande. Wimbo uliozoea kunyooshwa usiku kucha sebuleni, mwimbaji akiwatazama wasikilizaji na kuongeza beti, ulilazimika kukatwa. Tulichobakiwa nacho, kwa hiyo, ni kipande cha Siti. Hata hivyo kipande hicho kilienea kupita kiasi: kufikia 1931 zaidi ya santuri 70,000 zilikuwa zimeuzwa, katika eneo ambalo gramafoni ilikuwa mali ya wachache na kusikilizwa na mtaa mzima.

Hapa sisi wa pwani ya Kenya hatuna budi kutua. Juni 1928, miezi mitatu tu baada ya safari ya Bombay, mkutano uliofanyika Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, lahaja ya Muyaka, kikaachwa kando. Manung'uniko ya uamuzi huo hayajakoma hadi leo. Tumezoea kuusimulia kama kazi ya maafisa na wamisionari peke yao. Lakini Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, santuri zilikuwa zimekwisha kuzoeza masikio ya watu Kiunguja kilichotamkwa na mwanamke asiyejua kusoma. Hicho hakikuwa Kiunguja cha kamusi. Kilikuwa cha vibarazani, chenye Kiarabu na mafumbo ya mtaani, na watu walikilipia kwa hiari yao.

Wala hakikuwa cha mapenzi matupu. Wimbo wa Kijiti unahusu mauaji yaliyotokea Unguja: mwanamke mgeni aliuawa, mtuhumiwa akatorokea bara, na wanawake wawili waliokwenda kutoa ushahidi wakaishia kuadhibiwa wao kwa kosa la kununua pombe. Siti aliitaja mahakama hadharani, katika koloni, bila ya kuinua sauti. Mwandishi huyu anauona wimbo huo kuwa ushahidi wa kihistoria unaostahili kuwekwa mezani pamoja na majalada ya serikali.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert alikuwa amewahi kuonana naye karibu na mwisho wa uhai wake, na wasifu ukatoka 1958, miaka 30 baada ya Bombay. Ni kitabu adilifu, kilichomtukuza mja aliyedharauliwa, na hatuna sababu ya kukitupa. Ila Shaaban alimpenda Siti mwenye subira na maadili. Yule wa santuri ni mkali zaidi, mcheshi zaidi, na mara nyingine ana hasira. Baadhi ya santuri hizo sasa zimehamishiwa katika diski na intaneti, pamoja na mikwaruzo yake. Mtu akizisikiliza Muyeye jioni ya harusi, vipaza sauti vya taarabu ya kisasa vikivuma nyumba ya pili, sauti ya Fumba hupotea mara kwa mara, kisha hurudi.