Sultani Hasan wa Kilwa na Dhahabu Yake

Sultani Hasan bin Sulaiman, Mwenyezi Mungu amrehemu, alitawala Kilwa katika karne ya nane ya Hijra, na wakati wake ndipo Ibn Battuta alipofika huko, mwaka 1331. Watu walimwita Abul-Mawahib, yaani baba wa hiba. Mali ya mji ilitokana na dhahabu ya Sofala.

Alipiga chapa sarafu za shaba nyingi, na za dhahabu, ambazo zimejulikana tatu. Dhahabu safi huyayuka ikifika digrii 1064 za sentigredi, shaba 1085. Nayo ikishaanza kuyayuka, moto ujapozidishwa, joto lake halipandi mpaka punje ya mwisho igeuke maji. Hapo jina la mfalme hupotea, uzito ukabaki. Labda ndiyo sababu za dhahabu ni haba, na ya shaba imeonekana hata Zimbabwe.

Ijumaa moja, baada ya sala, fakiri wa Kiyemeni alimwomba nguo alizovaa, tena saa ile ile. Sultani akaingia nyumba ya khatibu, akazivua, akampa. Mwanawe akazikomboa kwa watumwa kumi. Sultani akaongeza kumi wengine na mizigo miwili ya pembe.

Akarithi nduguye Daudi, naye waombaji wakija huwaambia kuwa mtoaji amekufa, wala hakuacha kitu.