HENRIETTA LACKS: MAMA ALIYEZIKWA, SELI ZAKE ZIKABAKI HAI

Mpenzi msomaji, wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii yafaa sana tunaposimulia maisha ya marehemu Henrietta Lacks, mama wa watoto watano aliyefariki nchini Marekani mwaka wa 1951 akiwa na umri wa miaka 31 tu. Hakuwa malkia, hakuwa mwanasiasa, wala hakuandika kitabu. Hata hivyo, hivi leo maabara za utafiti duniani kote zinafuga seli zilizotoka katika mwili wake, na seli hizo zingali hai! Ilikuwaje? Hebu tufuatane.

Henrietta alizaliwa tarehe 1 Agosti 1920 katika mji wa Roanoke, jimbo la Virginia. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa Loretta Pleasant. Alipokuwa na umri wa miaka minne mamake, Eliza, alifariki akijifungua mtoto wa kumi. Baba hakuweza kuwalea watoto wote peke yake, kwa hivyo akawagawa kwa jamaa huko Clover, kijiji cha wakulima wa tumbaku. Henrietta akaangukia mikononi mwa babu yake, Tommy Lacks. Nyumba ya babu ilikuwa ya magogo, na zamani ilikuwa makao ya watumwa.

Hapo alikulia pamoja na binamu yake David, ambaye wengi walimwita Day. Kazi ilikuwa ni ya shamba: kupanda tumbaku, kuichuma na kulisha mifugo. Tarehe 10 Aprili 1941 Henrietta na Day walifunga ndoa. Baadaye walihamia Turner Station, karibu na jiji la Baltimore, kwa sababu kiwanda cha chuma cha Sparrows Point kilikuwa kikiandika wafanyakazi wengi wakati wa vita. Walijaliwa watoto watano: Lawrence, Elsie, David mdogo, Deborah na Joseph, kitinda mimba aliyezaliwa mwaka wa 1950.

Muda si muda mama huyu akaanza kuhisi uvimbe tumboni na kutokwa na damu isivyo kawaida. Tarehe 29 Januari 1951 alikwenda katika hospitali ya Johns Hopkins. Siku hizo ubaguzi wa rangi ulikuwa umekita mizizi, na hospitali hiyo ilikuwa mojawapo ya chache zilizowatibu Waafrika maskini wa sehemu hiyo, tena katika wadi zao za kando. Daktari Howard Jones alimpima akaona uvimbe kwenye mlango wa kizazi. Majibu yalipotoka, ikawa ni saratani. La kushangaza ni kwamba miezi michache tu kabla ya hapo alikuwa amejifungua katika hospitali hiyo hiyo, na rekodi hazikutaja uvimbe wowote.

Alilazwa, akatibiwa kwa madini ya radiamu kama ilivyokuwa desturi. Alipokuwa kwenye meza ya matibabu, daktari alikata vipande viwili vidogo, kimoja cha uvimbe na kingine cha nyama isiyo na ugonjwa, vikapelekwa katika maabara ya Daktari George Gey. Henrietta hakuulizwa. Hakuambiwa pia. Enzi hizo madaktari wengi hawakuona haja ya kumwomba mgonjwa ruhusa, na mgonjwa maskini mweusi ndiye hasa asiyeulizwa.

Gey alikuwa amejaribu miaka na mikaka kufuga seli za binadamu kwenye chupa, nazo zilikuwa zikifa zote. Msaidizi wake, Mary Kubicek, aliweka vipande vile kwenye mirija, akaandika HeLa, yaani herufi mbili mbili za mwanzo za majina ya mgonjwa. Lo! Seli za uvimbe hazikufa. Zilikuwa zikiongezeka maradufu kila baada ya takriban saa 24, bila kuchoka. Gey akaanza kuwagawia wanasayansi wenzake bure. Wakati huo huo mwenye seli alikuwa akidhoofika wadini kwa maumivu makali. Aliaga dunia tarehe 4 Oktoba 1951, akazikwa Clover katika kaburi lisilo na jiwe wala jina.

Sasa, msomaji, bila shaka unajiuliza ni kitu gani kilichomuua mama huyu upesi hivyo, huku seli zake zikikataa kufa. Jibu lilichukua zaidi ya miaka 30 kupatikana. Mwanasayansi Mjerumani, Harald zur Hausen, alishuku kwamba saratani ya mlango wa kizazi huletwa na virusi vya papiloma, ambavyo kwa kifupi huitwa HPV. Wengi walimpinga. Mnamo 1983 na 1984 kundi lake lilitangaza kupata aina mbili za virusi hivyo, nambari 16 na nambari 18, katika uvimbe wa wagonjwa. Walipochunguza seli za HeLa, wakakuta nambari 18 imo humo! Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Zur Hausen alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2008.

Virusi hivi hufanyaje kazi? Chukua mfano wa shule yetu. Kengele ikilia tunaingia darasani, ikilia tena tunatoka. Bila kengele na viranja pangekuwa na vurugu tupu. Seli nazo huishi kwa ishara, na wanaozipeleka ishara hizo ni protini. Kuna protini ya kuamuru seli igawanyike na nyingine ya kuamuru isimame. Protini iitwayo Rb ni kama bawabu: hufunga lango ili seli isigawanyike ovyo. Nyingine, p53, ni kama kiranja mkali: ikiona jeni za seli zimeharibika, huiamuru seli isimame irekebishwe au, ikishindikana, ijiue kwa faida ya mwili mzima.

HPV huja na protini zake mbili, E6 na E7. E7 humshika bawabu Rb mikono, lango likabaki wazi. E6 humtia kiranja p53 alama ya takataka, na seli yenyewe ikamsaga. Basi seli hukosa wa kuikataza. Kwa wanawake wengi mwili huvifukuza virusi hivi bila matatizo. Kwa wachache hubaki miaka mingi, na hapo ndipo saratani huweza kuanza. Kwa Henrietta mambo yalizidi. Mwaka wa 2013 watafiti walionyesha kuwa virusi vilijipachika katika kromosomu ya nane, karibu na jeni ya MYC, ambayo protini yake huhimiza seli kukua. Ni kama kwamba kiranja ametolewa, bawabu amefungwa, halafu kengele ya kukua inapigwa mchana na usiku.

Je, walinzi wale walikuwa wamekufa kabisa? La hasha. Mwaka wa 2000, karibu miaka 50 baada ya mazishi ya Henrietta, wanasayansi wa Marekani walizima E6 na E7 ndani ya seli za HeLa. Papo hapo Rb na p53 zikarudi kazini, na seli zile zilizogawanyika karibu nusu karne zikaacha kugawanyika, zikazeeka. Uwezo wa kusimama ulikuwamo siku zote, ila ulikuwa umezibwa mdomo.

Na familia je? Kwa zaidi ya miaka 20 hawakujua lolote. Seli za mama yao zilitumiwa kupima chanjo ya polio miaka ya hamsini, zikapelekwa hata anga za juu, na makampuni yakaziuza. Magazeti nayo yalimwita kwa jina lisilo lake, Helen Lane. Wanawe walipata habari miaka ya sabini, baadhi yao wakiwa hawana hata bima ya matibabu. Haki ilikuja polepole kama kobe. Mwaka wa 2010 Daktari Roland Pattillo alitoa jiwe la kaburi. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilimpa Henrietta heshima, ikapokewa na kifungua mimba wake, Lawrence. Agosti 2023 familia ilipatana na kampuni ya Thermo Fisher, iliyoshtakiwa kwa kufaidika na seli hizo.

Wanafunzi wenzangu, hasa wasichana, habari hii yatuhusu. Chanjo ya kwanza ya HPV iliidhinishwa mwaka wa 2006, na hapa Kenya serikali ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 Oktoba 2019. Mwenye dada mdogo nyumbani amkumbushe mzazi. Akina mama nao wakapimwe mapema, kwani ugonjwa huu huchukua miaka kukomaa, na ukionekana mapema hutibika. Na yeyote kati yetu atakayekuwa daktari kesho, amuulize mgonjwa kwanza kabla ya kuchukua kilicho chake.

Wema hauozi, lakini ni vyema mtu aulizwe kabla ya wema wake kuchukuliwa. Mola amlaze Henrietta Lacks mahali pema.