Sheikh Abdalla Saleh Farsy na Aya ya Mgonjwa

Ndugu zetu Waislamu wa Diani, Msambweni na Kwale nzima, kila Ramadhani inapokaribia watu hutujia na suala moja: mwenye maradhi ya sukari afunge au ale? Suala hili hutukumbusha marehemu Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyetuwezesha kulisoma jawabu lake kwa lugha yetu wenyewe.

Alizaliwa Unguja mwaka 1912. Alisoma dini kwa wanavyuoni wakubwa wa mji ule, miongoni mwao Sheikh Abubakar bin Abdalla Bakathir na Sayyid Omar bin Sumait, na papo hapo akasoma skuli ya Serikali hata akawa mwalimu. Elimu mbili hizo hazikugombana kifuani mwake. Alisomesha miaka mingi, kisha akawa Kadhi wa Unguja tangu 1960 hata 1967, alipohamia Kenya. Mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu baada ya Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, na makadhi wa pwani yetu hii ya kusini wakawa chini yake.

Lakini kazi yake kubwa ni tafsiri. Kabla yake Qur'ani ilikwisha fasiriwa yote kwa Kiswahili mara mbili: na padri Godfrey Dale mwaka 1923, na Makadiani mwaka 1953. Sheikh hakuridhika na tafsiri hizo. Akatoa yake kwa vijitabu, juzuu baada ya juzuu, hata ikatimia na kuchapishwa Nairobi mwaka 1969 kwa jina la Qurani Takatifu. Hakukosa wapinzani, maana alikuwa mkali juu ya mambo ya uzushi; na hata sisi tunaompenda hatukubali kila neno lake. Ila faida ya kitabu hiki haikanushiki.

Tazama Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185. Babu zetu walizisoma kwa sauti nzuri, na wengi wao wasijue kuwa humo Mola amemruhusu mgonjwa kula na kuzilipa siku hizo baadaye, na asiyeweza kabisa akamwekea fidia ya kumlisha maskini, na akasema kuwa anatutakia mepesi wala hatutakii mazito. Leo mama mtu mzima wa Msambweni aliyesoma chuoni na skuli anaweza kulifungua jambo hili mwenyewe.

Na haja ipo. Tumewaona wazee wakiacha dawa ya sukari kwa siri, wakidhani kuwa kujitesa ni thawabu zaidi. Mwengine hufuturu kwa kaimati na tende sahani nzima, sukari ikapanda usiku baada ya kushuka mchana. Huku si kufunga vyema. Mwenye kutumia sindano ya insulini, au mwenye figo zilizodhurika, au mja mzito mwenye sukari, hatari yake ni kubwa kuliko ya mwenye maradhi mepesi yaliyotulia kwa vidonge. Kwa hiyo kila mmoja amwendee tabibu wake kabla ya mwezi kuandama, si baada ya kuanguka. Akitetemeka, akitokwa na jasho na akili ikimpotea, sukari imeshuka: naafungue pale pale, ijapokuwa Magharibi imebakia dakika kumi. Wanavyuoni wa Kishafi wamesema kuwa anayehofia kuangamia huwa ni wajibu kwake kufungua, na kufunga kwake ni haramu. Ama kudunga kidole kupima damu, na sindano ya insulini chini ya ngozi, baraza la fikihi la nchi za Kiislamu lililokutana Jeddah mwaka 1997 limeamua kuwa havibatilishi saumu. Asiye na tamaa ya kupona kiasi cha kuweza kufunga, atoe kwa kila siku kibaba kimoja cha chakula cha mji, kama mchele au mahindi, ampe maskini. Wala hana siku ya kulipa.

Sheikh Abdalla alipokwisha kustaafu alihamia Omani, akafariki Muscat mwaka 1982. Hakurudi tena Unguja kukaa, lakini kitabu chake kimo katika misikiti yetu mingi, na kurasa za Suratul Baqara mara nyingi ndizo zilizochakaa kwa kufunguliwa. Mwenyezi Mungu amrehemu na ampe kheri kwa kazi yake. Amin.