Bill Barilko

William "Bill" Barilko (Timmins, Ontario, 25 Machi 1927 – kaskazini mwa Ontario, 26 Agosti 1951) alikuwa mchezaji wa kulipwa wa hoki ya barafuni kutoka nchini Kanada. Alicheza nafasi ya beki katika timu ya Toronto Maple Leafs kuanzia Februari 1947 hadi Aprili 1951, akatwaa Kombe la Stanley mara nne. Goli lake la mwisho ndilo lililoipa timu yake kombe la mwaka 1951. Miezi minne baadaye alipotea pamoja na ndege ndogo aliyoipanda kwenda kuvua samaki, na mabaki yake hayakupatikana hadi Juni 1962.

Utoto

Barilko alizaliwa na kukulia Timmins, mji wa migodi ya dhahabu ulioko kaskazini mwa jimbo la Ontario. Wazazi wake walikuwa wahamiaji wenye asili ya Ukraina. Watu wa mataifa mengi ya Ulaya walifika huko kutafuta kazi ya kuchimba mawe chini ya ardhi, na watoto wao walikutana kwenye barafu. Majira ya baridi ya huko ni marefu, maziwa huganda kwa miezi mingi, kwa hiyo kila mtaa ulikuwa na uwanja wake bila gharama kubwa.

Husimuliwa kwamba alipokuwa mtoto hakujua kuteleza vizuri, na kwa sababu hiyo wenzake walimweka golini. Kaka yake Alex naye alikuwa mchezaji. Bill alijifunza pole pole, akahamia nafasi ya beki, na mwili wake ulipokomaa akawa na nguvu za kutosha kuficha upungufu wa miguu yake. Hakuwahi kuwa mtelezaji wa kupigiwa mfano, hata alipofika ligi kuu.

Akiwa bado kijana alikwenda mbali sana na kwao, hadi California, kuchezea Hollywood Wolves katika ligi ya pwani ya Pasifiki. Msomaji asishangae kusikia hoki ya barafuni inachezwa kwenye nchi ya jua: barafu ya viwanjani hutengenezwa kwa mitambo ya kugandisha maji.

Kuingia ligi kuu

Ili kuelewa maana ya kuitwa Toronto wakati ule, ni lazima kujua kwamba ligi kuu ya Amerika ya Kaskazini, NHL, ilikuwa na timu sita tu: Toronto, Montreal, Boston, New York, Detroit na Chicago. Nafasi za kazi zilikuwa chache mno, na mamia ya vijana wenye uwezo walizeeka katika ligi ndogo bila kuitwa hata mara moja. Mlango ulifunguka mtu alipoumia.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Barilko. Mwezi Februari 1947 mabeki wa Toronto walikuwa wamepungua kwa majeraha, naye akaitwa kuziba pengo. Alikuwa na umri wa miaka 19. Aliyeitwa kwa muda hakurudi tena Hollywood. Miezi miwili baadaye Toronto iliifunga Montreal katika fainali, na kijana aliyeanza msimu katika ligi ndogo akawa bingwa. Timu hiyo, chini ya kocha Hap Day na mmiliki Conn Smythe, ilitwaa kombe tena mwaka 1948 na 1949, mara zote mbili kwa kuifunga Detroit. Hapakuwa na timu iliyowahi kulitwaa miaka mitatu mfululizo tangu NHL ianze.

Sifa ya Barilko ilikuwa kugonga. Katika hoki ya barafuni sheria inaruhusu kumkumba kwa mwili mpinzani mwenye kisahani, yaani kile kipande bapa cha mpira mgumu kinachopigwa kwa magongo. Barilko alikuwa stadi wa kumsubiri mshambuliaji apite kando, kisha kumtegea nyonga ghafla hadi mtu anapinduka. Pia alijirusha mbele ya mashuti ili kuyazuia kwa mwili wake, jambo lililohitaji moyo, maana wakati huo wachezaji hawakuvaa kofia ngumu wala barakoa. Alilipa gharama yake: mchezaji anayefanya madhambi hutolewa nje kwa dakika mbili au zaidi, timu ikabaki pungufu, na katika msimu wa 1947–48 Barilko alikusanya dakika 147 za adhabu, nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote wa ligi.

Magoli hayakuwa kazi yake. Katika michezo 252 ya ligi alifunga 26 tu. Mtu akizisoma takwimu hizo peke yake hataona sababu ya kumkumbuka, na kwa kweli mabeki wengi wa kiwango chake wamesahaulika kabisa.

Fainali ya 1951

Mwaka 1950 Toronto ilitolewa na Detroit katika nusu fainali. Mwaka uliofuata, chini ya kocha mpya Joe Primeau, ilirudi fainali kukutana na Montreal Canadiens. Fainali hiyo ilikuwa ya pekee: ilichezwa michezo mitano, na yote mitano iliisha sare katika muda wa kawaida. Katika muda wa ziada timu ya kwanza kufunga ndiyo mshindi, kama lile goli la dhahabu lililowahi kutumika katika soka. Sid Smith aliimaliza mechi ya kwanza kwa faida ya Toronto, Maurice Richard akaisawazishia Montreal katika ya pili, kisha Ted Kennedy na Harry Watson wakaipa Toronto mechi ya tatu na ya nne.

Mechi ya tano ilichezwa Toronto, katika uwanja wa Maple Leaf Gardens, tarehe 21 Aprili. Montreal iliongoza 2–1 hadi dakika ya mwisho. Primeau akamtoa golikipa wake ili aongeze mshambuliaji wa sita, na zikiwa zimebaki sekunde 32 Tod Sloan alisawazisha. Hilo lilikuwa goli lake la pili usiku ule, na bila yeye jina la Barilko lisingekuwa na habari ya kusimuliwa. Jambo hili hutajwa kwa nadra.

Zilipopita dakika 2 na sekunde 53 za muda wa ziada, kisahani kilitoka mbele ya goli la Montreal. Beki alipaswa kubaki nyuma, kwa sababu akikikosa kisahani wapinzani watakimbia kuelekea goli lake bila mtu wa kuwazuia. Barilko hakubaki. Alikimbia mbele, akapiga huku akipoteza mizani, na kisahani kikapita juu ya golikipa Gerry McNeil. Picha iliyopigwa na Nat Turofsky inamwonyesha akiwa karibu kulala hewani, kisahani kikiwa kimekwisha kuingia. Ni miongoni mwa picha zinazojulikana zaidi katika historia ya mchezo huo.

Kupotea

Barilko alirudi Timmins kwa mapumziko ya kiangazi akiwa shujaa wa mji, mwenye umri wa miaka 24. Ijumaa ya tarehe 24 Agosti aliondoka na daktari wa meno Henry Hudson kwenda kuvua samaki upande wa Ghuba ya James. Hudson aliendesha mwenyewe ndege yake aina ya Fairchild 24, ya injini moja, yenye maboya ya kutua majini. Jumapili, wakiwa njiani kurudi, walitua Rupert House kujaza mafuta, wakaruka tena. Hawakuonekana tena wakiwa hai.

Jeshi la anga la Kanada liliwatafuta kwa wiki kadhaa, katika msako mmoja kati ya mikubwa iliyowahi kufanyika nchini humo. Eneo hilo ni misitu ya misonobari na vinamasi visivyo na barabara, na mtu aliye juu huona rangi moja tu ya kijani. Hawakupata hata kipande cha bawa.

Mahali pasipo na habari uvumi huota haraka. Kwa kuwa Timmins ni mji wa dhahabu, wapo waliosema ndege ilibeba dhahabu ya wizi. Kwa kuwa wazazi wa Barilko walitoka Ulaya ya Mashariki na dunia ilikuwa katika vita baridi, wengine walidai amekimbilia Umoja wa Kisovyeti kufundisha hoki. Kwa wasomaji wa magazeti ilikuwa burudani, lakini mama yake Faye aliishi Timmins na maneno hayo kwa miaka kumi na moja, hana kaburi la mwanawe wala uhakika wa kifo chake.

Mapema Juni 1962 rubani wa helikopta aliona kitu kiking'aa msituni, karibu kilomita 100 kaskazini mwa mji wa Cochrane. Ilikuwa ndege ya Hudson, ikiwa nje ya njia yake, na mifupa ya wote wawili ilikuwa bado ndani. Dhahabu haikuwapo. Barilko alizikwa Timmins mwezi huohuo.

Kombe na laana

Toronto haikutwaa tena Kombe la Stanley baada ya goli la Barilko hadi tarehe 22 Aprili 1962. Watu wengi huunganisha mambo hayo mawili wakisema timu ilifungwa na laana hadi mchezaji wake alipopatikana. Lakini tarehe zenyewe zinapinga: kombe lilitangulia, ndege ikaonekana wiki sita baadaye. Tena sababu za ukame huo zinaeleweka bila laana. Detroit ilitwaa kombe mwaka 1952, 1954 na 1955. Montreal ililitwaa mwaka 1953, kisha miaka mitano mfululizo kuanzia 1956 hadi 1960, ikiwa na kikosi ambacho wengi hukihesabu kuwa bora kuliko vyote. Chicago ikachukua mwaka 1961. Katika ligi ya timu sita, mbili zikiwa na nguvu kiasi hicho, zinazobaki hugawana makombo.

Jezi namba 5 haikupewa mchezaji mwingine wa Toronto baada ya Barilko, na ilistaafishwa rasmi mwezi Oktoba 1992. Mwaka huohuo bendi ya Kanada The Tragically Hip ilitoa wimbo "Fifty Mission Cap" unaosimulia goli lake na kupotea kwake, na vijana waliozaliwa muda mrefu baada ya kifo chake wakalijua jina lake kupitia redio.