John Akii-Bua: Bingwa Aliyegeuka Mkimbizi

Wanachuo wenzangu, mwaka jana nilikuwa Karatu kwa mazoezi ya kufundisha. Shule niliyopangiwa iko kando ya barabara inayopanda kwenda lango la Ngorongoro. Asubuhi, ukungu haujaondoka, unawaona wanafunzi wanakuja mbio, madaftari mkononi. Kule jina la Filbert Bayi halihitaji kuelezwa. Ni mzaliwa wa huko huko, na mwaka 1974 aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, New Zealand.

Siku moja kijana wa kidato cha pili, mwenye mbio kweli kweli, akaniuliza mtu akishakuwa bingwa wa dunia, baada ya hapo inakuwaje. Sikuwa na jibu la haraka. Nikamsimulia habari za John Akii-Bua wa Uganda, na leo nawasimulia ninyi.

Akii-Bua alizaliwa mwaka 1949 huko Lango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wengi na watoto zaidi ya 40. Kijana akaenda Kampala, akajiunga na polisi, na huko ndiko riadha ilikomkolea. Kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, alifika Uganda mwaka 1968 na kumwandaa kwa mita 400 kuruka viunzi. Huo si mchezo wa mzaha. Ni mzunguko mzima wa uwanja, viunzi 10, na mwisho miguu haitaki tena kunyanyuka. Kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970, Edinburgh, alimaliza wa nne. Akarudi nyumbani kujifua, akikimbia na kuruka huku amevaa kizibao chenye uzito.

Tarehe 2 Septemba 1972 ikafika fainali ya Olimpiki, Munich. Alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa ambayo wengi hawaitaki kwa sababu kona zake ni kali. Humo humo walikuwamo Mmarekani Ralph Mann na Mwingereza David Hemery, bingwa wa Mexico 1968 aliyeshikilia rekodi ya dunia ya sekunde 48.12. Akii-Bua akawaacha wote. Saa ilisoma 47.82, na hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kushuka chini ya sekunde 48 kabla yake. Alipomaliza hakusimama. Aliendelea kuzunguka uwanja kwa furaha, akiruka viunzi ambavyo havikuwapo. Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki.

Sasa hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu. Idi Amin alikuwa ameshampindua Milton Obote mwaka 1971. Obote alikuwa wa kabila la Lango, na Walango na Waacholi wengi waliuawa chini ya utawala ule. Akii-Bua naye alikuwa wa Lango. Lakini Amin aliipenda sifa ya ile dhahabu. Bingwa akapandishwa cheo polisi, akapewa nyumba, na barabara moja ya Kampala ikapewa jina lake. Kwa miaka kadhaa medali ikawa ngao yake.

Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika zilisusia Olimpiki ya Montreal, kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi. Uganda haikushiriki, nasi pia hatukushiriki. Bayi akaikosa nafasi yake, Akii-Bua akashindwa kutetea dhahabu yake. Hapo Montreal Mmarekani Edwin Moses akaivunja ile rekodi kwa sekunde 47.64.

Kisha ikaja Vita ya Kagera. Sisi wazee wetu hutusimulia vita ile kama ushindi, na ni haki yao. Ila mwaka 1979, majeshi yetu na Waganda waliokuwa uhamishoni walipoikaribia Kampala, Akii-Bua alikuwa polisi wa serikali inayoanguka, mtu aliyezawadiwa na Amin. Ile ngao ikageuka ushahidi dhidi yake. Akakimbilia Kenya na familia yake, akaishia kambi ya wakimbizi. Kampuni ya viatu ya Puma ikamsaidia kutoka na kumpa kazi Ujerumani, nchi ile ile iliyomshangilia. Moscow mwaka 1980, ambako Bayi alipata medali ya fedha, yeye aliishia nusu fainali.

Baadaye alirudi Uganda, akawa polisi tena na kocha. Alifariki tarehe 20 Juni 1997, akiwa na miaka 47, mke wake akiwa ameshatangulia. Aliacha watoto 11. Taifa likamzika kwa heshima. Uganda ilingoja dhahabu nyingine ya Olimpiki mpaka Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni ya London mwaka 2012.

Yule kijana alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama basi aache kukimbia. Nikamwambia hapana, akimbie. Ila asikubali kesho yake yote ishikwe na mtu mmoja, awe rais au kampuni. Na sisi tunaosomea ualimu, tukimpigia makofi mtoto mwenye mbio, tufungue na daftari lake tuone anaendeleaje. La kwake nililifungua siku ile ile, na hesabu zilikuwa zinamsumbua. Tukaanza nazo kesho yake, baada ya mazoezi.