Samuel Plimsoll, Rafiki wa Mabaharia

Sisi wa Bariadi twaishi mbali kidogo na Ziwa, lakini wengi wetu tuna ndugu Mwanza, Ukerewe na Bukoba. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na watu zaidi ya 800 kupoteza maisha, msiba uliingia hata katika darasa nililokuwa nikifundisha. Tangu hapo nimetamani kuwasimulia habari za mtu mmoja aliyepigania usalama wa wasafiri wa majini.

Samuel Plimsoll alizaliwa Bristol, Uingereza, tarehe 10 Februari 1824. Alianza kazi kama karani, akapanda hata kuwa meneja wa kiwanda cha pombe. Mwaka 1853 alikwenda London kufanya biashara ya makaa ya mawe. Biashara ikaanguka, naye akawa fukara, akalala katika nyumba za kupanga za watu maskini kabisa. Huko alijifunza jinsi mnyonge anavyoishi, na hata alipopata mali baadaye hakusahau.

Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa Mbunge wa Derby. Siku hizo wenye meli wengine walipakia shehena kupita kiasi katika meli kuukuu, wakizikatia bima kubwa. Meli ikifika, faida, ikizama, bima. Mabaharia waliziita meli hizo majeneza. Baharia aliyekwisha kutia sahihi mkataba, kisha akakataa kusafiri kwa kuiona meli ni mbovu, aliweza kufungwa gerezani.

Wazo la kuweka alama ya mwisho wa kupakia halikuwa lake peke yake; James Hall, mwenye meli wa Newcastle, alilisema kabla yake. Lakini Plimsoll ndiye aliyelibeba. Mwaka 1873 alitoa kitabu kuhusu mabaharia, akashtakiwa mahakamani kwa kukashifu. Mwezi Julai 1875 serikali ilipouondoa mswada wake wa meli, alipandwa na hasira Bungeni, akawaita baadhi ya wenzake waovu, akakunja ngumi. Baadaye aliomba radhi kwa utovu wa adabu, lakini hakuyafuta aliyoyasema juu ya meli. Wananchi wakamwunga mkono, na serikali ikalazimika kutunga sheria.

Sheria ya mwaka 1876 iliamuru meli ichorwe alama ubavuni: duara lenye mstari katikati. Mstari ukizama, shehena imezidi. Ila mwenye meli aliachiwa achague mwenyewe mahali pa kuuchora! Hiyo ni sawa na kumwachia mwanafunzi asahihishe mtihani wake. Kosa hilo lilirekebishwa mwaka 1890. Plimsoll alifariki Folkestone tarehe 3 Juni 1898. Mwaka 1930 mataifa yalitia sahihi mkataba juu ya mstari huo, na mwaka 1966 wakafanya mwingine. Hata raba za watoto wa shule, kwa Kiingereza, zilipewa jina lake.

Kazi haikuishia kwenye ubavu wa nje. Siku hizi kanuni za kimataifa zataka meli kubwa za mafuta na za shehena ziundwe zikiwa na ngazi na njia ndani ya matangi na ngama, ili mkaguzi afike karibu na chuma, aone kutu na nyufa kwa macho yake. Maana ubovu usiofikiwa hauonekani, na usioonekana hautengenezwi.

Basi, hayo yatuhusu nini? Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara. Kilikuwa cha watu 101; waliokufa tu walizidi 220. Kiasi kilijulikana, lakini siku ile hakikufuatwa. Mstari usio na mtu wa kuusimamia ni rangi tu.

Wazazi wenzangu, tufikapo pwani ya Busega au Mwanza, tukaona mtumbwi au kivuko kimejaa, tusiseme kwamba tumo katika haraka. Tushuke, tuwashushe na watoto wetu, tungoje kingine. Anayengoja huchelewa, lakini hufika. Plimsoll alisimama kwa ajili ya watu asiowajua. Sisi je, tutashindwa kusimama kwa ajili ya wetu?

Mwalimu mstaafu, Bariadi