Berta Scharrer na Mende Wake

Ndugu msomaji, mende unamfahamu. Hutoka usiku jikoni, hula makombo, nasi humkanyaga. Sasa soma habari za mwanamke aliyewafuga mende kwa miaka mingi, na kwa mende hao akaonyesha jambo ambalo wataalamu wengi walikuwa wamelikataa.

Berta alizaliwa mwaka 1906 katika mji wa Munich, Ujerumani. Alisoma chuo kikuu huko huko, akachunguza nyuki, akapata shahada ya udaktari mwaka 1930. Mwaka 1934 aliolewa na Ernst Scharrer, mwanasayansi kama yeye.

Ernst alikuwa na neno lililomsumbua. Mwaka 1928 alitazama ubongo wa samaki mdogo kwa hadubini, akaona chembe za ajabu. Ujue kwamba mwili una njia mbili za kupeleka habari. Njia ya kwanza ni mishipa ya fahamu. Ukikanyaga mwiba, ubongo hujua mara moja. Njia ya pili ni homoni. Homoni hutengenezwa na tezi, huingia katika damu, na kwenda kuamuru sehemu nyingine za mwili. Homoni ndiyo humfanya mvulana aote ndevu.

Watu walidhani kwamba ubongo una kazi yake na tezi zina kazi yake. Lakini chembe alizoziona Ernst zilikuwa za ubongo, nazo zilijaa punje ndogo ndogo kama chembe za tezi. Alisema kwamba ubongo nao hutoa homoni. Wenzake wengi walikataa. Wengine walisema chembe hizo zimeharibika tu.

Mume na mke wakagawana kazi, kama watu wanavyogawana shamba. Ernst alichukua wanyama wenye uti wa mgongo. Berta alichukua wasio nao: konokono wa baharini, minyoo na wadudu. Huko nako alizikuta chembe za namna ile ile.

Wakati huo Hitler alitawala Ujerumani, na wanasayansi Wayahudi walifukuzwa kazini. Berta na Ernst hawakuwa Wayahudi, lakini hawakuweza kuvumilia dhuluma ile. Mwaka 1937 wakahamia Marekani na mizigo michache.

Huko Ernst alipata kazi. Berta hakupata. Vyuo vingi havikumwajiri mke wa mwalimu, hata kama ana elimu sawa na mumewe. Alipewa mahali pa kufanyia uchunguzi, bila mshahara. Fedha za kununua wanyama pia hazikuwapo. Basi, mjini Chicago, alichukua mende waliokuwamo katika jengo lile. Nani angemdai bei ya mende?

Baadaye, mjini New York, alipata mende wengine, wakubwa na wapole, waliofika katika shehena ya kima kutoka Amerika ya Kusini. Hao aliwapenda sana. Kila alipohama, alihama nao.

Mwaka 1952 alieleza jaribio lake kubwa. Katika kichwa cha mende, mishipa hutoka kwenye ubongo na kwenda kwenye tezi ndogo nyuma yake. Berta aliikata mishipa hiyo. Je, ilikuwaje? Punje zilijaa upande wa ubongo, na kule kwenye tezi zikapungua. Wewe mkulima unaelewa: ukiuziba mfereji, maji hujaa upande yanakotoka. Basi punje zilitoka katika ubongo.

Hata kwa binadamu ni hivyo. Mtoto anaponyonya, homoni iitwayo oksitosini huyasukuma maziwa ya mama yatoke. Homoni hiyo hutengenezwa na chembe za ubongo. Hiyo hiyo hukaza mji wa mimba wakati wa kujifungua.

Mwaka 1955 chuo kipya cha udaktari mjini New York kiliwaajiri wote wawili, na Berta akawa profesa kamili. Alikuwa karibu kutimiza miaka 49. Miaka 10 baadaye Ernst alikufa maji akiogelea baharini. Berta aliendelea na kazi peke yake, akifundisha wanafunzi wa udaktari na kutunza mende wake. Alipewa Nishani ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ya mwaka 1983.

Alifariki mwaka 1995, akiwa na miaka 88. Kuna mende wa Australia ambaye wataalamu wamempa jina lake.